Porsche 911 ya zamani au Volkswagen Beetle: ipi ya kuishi nayo Arusha?

Zote mbili zina injini nyuma inayopozwa kwa hewa, hakuna rejeta. Kwa bei ya kununua na spea, Beetle inashinda bila ubishi: zilitengenezwa zaidi ya milioni 21, hadi 2003. Porsche 911 za aina hii ziliishia 1998.

Kwenye oili ndipo pagumu. Beetle inachukua lita 2.5 tu, na unachomoa kijiti cha kupimia injini ikiwa imezimwa. 911 ina tangi la oili la pembeni na hupimwa injini ikiwa ya moto, inanguruma, gari likiwa pahali tambarare. Fundi asiyejua ataizima, ataona oili imepungua, ataongeza, na itazidi. Nimeliona hilo kwa macho yangu, roho iliniuma.

Kwa modeli nyingi, ukiacha zile za mwisho mwisho, vali zote zinataka kurekebishwa: Beetle 8, 911 kumi na mbili.

Kwenda Moshi kwa lami, kilomita kama 80, hakuna kinachoifikia sauti ya 911. Ila kama nyumbani kwako ni vumbi na mashimo, chukua Beetle. Una fundi unayemwamini na hela ya kuagiza spea nje? 911 inakusubiri.