Uzoefu wangu na Open Infrastructure Map katika kufuatilia miradi ya nishati ya umma

Kwa yeyote anayefuatilia fedha za umma zinazoingia kwenye miradi ya umeme, Open Infrastructure Map, ramani ya mtandaoni ya miundombinu, ni chombo ninachokipendekeza bila kusitasita, ingawa sababu yangu si ile inayotajwa na wengi. Wengi huvutiwa na sura yake: ukiifungua unaiona dunia imetandwa na njia za kusafirisha umeme, rangi zikitofautisha msongo (volteji) mmoja na mwingine, na ukivuta karibu vinajitokeza vituo vya kupoza umeme, mitambo ya kuzalisha na hata mnara mmoja mmoja. Sura hiyo inapendeza, lakini ramani za kupendeza ziko nyingi. Kilichonifanya nibaki nayo ni kwamba mstari wowote uliochorwa pale unaweza kuuhoji: nani aliuchora, lini, na alitegemea nini.

Ramani hii si ya serikali yoyote. Iliundwa na Russ Garrett, nayo huchota data zake kutoka OpenStreetMap, mradi wa ramani huria ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004 na unaochorwa na watu wa kujitolea. Anayetaka kutazama tu hahitaji kulipa wala kujisajili. Mbali na umeme, kuna tabaka za mawasiliano, mafuta na gesi, na maji. Tabaka la mabomba ninalitumia kwa tahadhari, kwa kuwa bomba likishafukiwa halionekani kutoka angani, na wachoraji hulazimika kutegemea vibao vilivyosimikwa juu ya ardhi kuonyesha linakopita.

Matumizi yangu ni ya namna moja. Taarifa ya utekelezaji inaposema kwamba njia ya kilovolti 132 imekamilika kati ya kituo fulani na kingine, nafungua ramani na kuifuata njia hiyo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nikibofya kituo, kisanduku kidogo kinanionyesha jina lake, mwendeshaji wake na msongo wake. Katika data za msingi msongo huandikwa kwa volti na si kwa kilovolti, kwa hiyo kituo kinachopokea kilovolti 132 na kutoa 33 husomeka 132000;33000, na aliyezoea kazi hii huanza kukagua hapo hapo kama tarakimu hizo zinakubaliana na kilichoandikwa kwenye mkataba. Kutoka kwenye kisanduku unaweza kuvuka hadi OpenStreetMap, ambako historia nzima ya kitu hicho imehifadhiwa: toleo la kwanza na yaliyofuata, tarehe ya kila badiliko, akaunti iliyolifanya, maelezo mafupi ya mchoraji, na mara nyingi chanzo alichotumia, iwe ni picha ya setilaiti au ni kufika mwenyewe mahali penyewe.

Njia mojawapo niliyoifuatilia ilikatika ghafla kwenye ramani, mbali na kituo chochote. Nilipoitazama picha ya setilaiti ya eneo lile, vivuli vya minara viliendelea mbele ya pale mstari ulipoishia, vikilala upande mmoja na kuachana kwa umbali unaolingana. Baada ya hapo ikafuata misingi ya zege isiyo na mnara juu yake, na mbele zaidi ukabaki mkuza tu, yaani ukanda wa ardhi wa kupitishia njia ya umeme, uliofyekwa, mweupe na mtupu. Hatua tatu za ujenzi zilionekana ndani ya picha moja, ilhali taarifa niliyokuwa nayo mkononi iliueleza mradi mzima kwa asilimia moja ya jumla isiyosema chochote kuhusu kipande gani kimefikia wapi. Ramani yenyewe haikunipa jibu, bali ilinipa swali lililo sahihi kiasi kwamba mhusika akiulizwa hawezi kulikwepa kwa maneno ya jumla.

Hata hivyo, anayeichukua ramani hii kama ushahidi kamili atajiingiza pabaya. Sehemu iliyo tupu haina maana kwamba hakuna umeme. Huenda ina maana kwamba hakuna mtu aliyeichora. Njia kubwa za kusafirisha umeme zimechorwa vizuri kwa sababu minara yake inaonekana, lakini njia ndogo za usambazaji, zile za nguzo za mbao zinazofikisha umeme kwa wateja, zimechorwa hapa na pale tu, na nyaya zilizopita chini ya ardhi mara nyingi hazipo isipokuwa mwenye mtandao ametoa data zake. Jambo zito zaidi ni kwamba picha inaonyesha chuma na waya, haionyeshi kama mkondo unapita. Njia inaweza kuwa imekamilika kwa macho, nyaya zimening'inia kila mahali, na bado ikawa haijawashwa kwa sababu transfoma ya kituo cha mwisho haijafungwa. Hapo ndipo lazima urudi kwenye nyaraka.

Kuhusu nyaraka, nimewahi kuhangaika na lango rasmi la taasisi moja ya umma, ambalo sitalitaja, lililotangazwa kuwa ni ramani ya mtandao ya miundombinu ya nishati kwa ajili ya uwazi. Nilichokuta ni picha iliyobandikwa kwenye ukurasa. Haikuwa na tarehe, haikubofyeka, data zake hazikupakulika, na njia zilizopo zilichorwa kwa rangi ile ile ya njia zinazokusudiwa, hivyo mtu asiyejua angeweza kuamini kwamba gridi imekwisha kufika mahali ambako bado inajadiliwa kwenye makaratasi. Nilipoandika kuomba data za msingi, nilielekezwa kupeleka barua ya maombi kwa idara nyingine, na idara hiyo ikanirudisha kwenye picha ile ile. Ni afadhali taasisi ikiri kwamba haina ramani kuliko kutoa ya namna hiyo, kwa maana picha isiyo na tarehe haiwezi kusahihishwa na mtu yeyote, wala haiwezi kutumika kumbana mtu yeyote.

Kwa sababu ya tatizo hilo la hadhi ya mradi, yaani kujua kama umepangwa tu, unajengwa au unafanya kazi, siitumii Open Infrastructure Map peke yake. Naiambatanisha na orodha za Global Energy Monitor, shirika linalofuatilia miradi ya nishati duniani, ambazo hutenganisha mradi uliotangazwa tu, ulioko kwenye vibali, unaojengwa, unaofanya kazi, uliowekwa kando na uliofutwa, kila mmoja ukiwa na ukurasa unaotaja vyanzo. Kanuni yao kuhusu makaa ya mawe ninaipenda kwa ukali wake: mradi usioonyesha dalili ya kusonga kwa miaka 2 huhesabiwa umewekwa kando, na ukifika miaka 4 bila dalili huhesabiwa umefutwa, hata kama hakuna kiongozi aliyesimama kutangaza hivyo. Zipo serikali nyingi ambazo hazijawahi kufuta mradi wowote hadharani, na kanuni kama hiyo inawafanyia kazi hiyo.

Orodha ya mitambo ya kuzalisha umeme ya taasisi ya utafiti ya World Resources Institute, yenye takribani mitambo 35,000 katika nchi 167, bado ninaiona ikinukuliwa huku na huku kana kwamba ni ya jana, ilhali toleo lake la mwisho ni la mwaka 2021 na waandaaji wenyewe wameeleza kwamba hawaihuishi tena. Kuna pia gridfinder, ramani ya makisio ya gridi, iliyotumia mwanga wa usiku unaoonekana na setilaiti kukisia njia za msongo wa kati zinakopita. Kwa mipango ya jumla inafaa sana, lakini mstari uliokisiwa na kompyuta usiwekwe mezani kama njia iliyojengwa, na nimeona ripoti zilizochanganya viwili hivyo bila hata tanbihi.

Hoja ya usalama hutolewa kila mara data hizi zinapoombwa, na siidharau. Ila nchi zilizoamua kuishughulikia zimeonyesha kwamba si lazima kufunga kila kitu. Marekani ina ramani ya mabomba makuu ya mafuta na gesi ambayo mwananchi huruhusiwa kutazama kaunti moja kwa wakati mmoja, huku kiwango cha kuvuta karibu kikiwekewa ukomo. Ujerumani ilizindua mwaka 2019 rejesta ya mitambo yote ya kuzalisha umeme, hadi paneli za sola za juu ya paa, na kwa mitambo midogo ya watu binafsi iliyo chini ya kilowati 30 mahali hasa hapaonyeshwi. Hayo ni maamuzi yaliyopimwa. Kuficha mahali ulipo mnara wenye urefu wa makumi ya mita, unaoonekana na kila apitaye barabarani, ni jambo jingine kabisa, na mara nyingi kinacholindwa pale si mnara bali ni bei yake.

Kwa mwandishi wa habari, asasi ya kiraia au mjumbe wa kamati ya bunge inayosimamia nishati, nashauri aanze na kituo kimoja anachokifahamu vizuri, akisome historia yake yote, kisha ndipo aende kwenye njia ndefu. Akiona kosa, alirekebishe mwenyewe kwenye OpenStreetMap na ataje chanzo, akikumbuka kwamba kunakili kutoka kwenye ramani za kibiashara zisizo na ruhusa hakukubaliki. Ningekuwa na nafasi ya kuwaomba waendeshaji wa Open Infrastructure Map jambo moja, ningeomba tarehe ya badiliko la mwisho ionekane ndani ya kisanduku chenyewe, kando ya msongo na jina la mwendeshaji, badala ya mtumiaji kulazimika kuifuata OpenStreetMap kwanza.