TAHADHARI: Kuna mtu anauza dawa za macho zilizokwisha tumika, Kampala

Ndugu zangu, hasa mlio na wazee wanaosubiri operesheni ya mtoto wa jicho: kuna jamaa mwenye begi jeusi la mgongoni anazunguka nje ya mageti ya hospitali hapa Kampala, siku nyingine yuko upande wa Old Taxi Park. Anauza dawa za matone za kabla na baada ya upasuaji, karibu nusu ya bei ya famasi. Kiswahili anacho, Kiganda anacho, kila mama kwake ni "mama yangu". Msinunue kwake.

Shangazi yangu aliyetoka Arua alinunua vichupa viwili kwake wakati mimi niko ndani nafuatilia faili. Aliponionyesha, pete ya plastiki chini ya kifuniko ilikuwa imeshakatika. Kwenye ncha ya kimoja palikuwa na ukoko wa manjano. Cha pili kilikuwa na kibandiko kipya. Nikakikwaruza kwa ukucha, ikatokea tarehe nyingine chini yake, na ilikuwa imepita. Nesi alikitazama mara moja tu: "Hiki kimeshatumika na mtu." Nadhani anakusanya mabaki ya wagonjwa waliomaliza dozi, anayajazia, anauza tena.

Kuna watakaosema dawa ni dawa. Hapana. Daktari akitoa mtoto wa jicho anapasua tundu dogo kwenye jicho, na kabla ya hapo analisafisha kwa povidoni ayodini ili kuua bakteria walio kwenye kope na utando wa nje. Kazi yote hiyo ni ya kuzuia kijidudu kisiingie ndani, maana ndani ya jicho mwili una kinga kidogo sana. Sasa wewe unakuja na kichupa ambacho ncha yake imegusa kope za mtu usiyemjua, halafu unadondoshea juu ya kidonda ambacho bado hakijafunga! Maambukizi yakifika ndani, jicho linaweza kupotea kwa siku chache tu. Na kama hayo matone ni ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe), ndiyo mbaya zaidi: yanapunguza kinga na kuficha wekundu, mgonjwa anadhani anapona.

Wala si lazima kichupa kiwe kimetumika. Mwaka 2023 Marekani iligundua machozi bandia yaliyotengenezwa India yakiwa na bakteria sugu aina ya Pseudomonas. Watu kadhaa walipofuka, wengine wakafa. Hayo yaliuzwa madukani kihalali, vichupa vipya kabisa. Itakuwa ya kwenye begi lililoshinda juani?

Kuchuuza dawa barabarani na kwenye mabasi ni kosa kisheria Uganda. Nunua famasi yenye leseni ya NDA (mamlaka ya dawa ya Uganda) ukutani, udai risiti, na kifuniko ukivunje mwenyewe. Nyumbani osha mikono, ncha isiguse jicho wala kidole. Na tafadhali, ile tabia ya wodini ya "niazime matone yako, yangu yameisha" tuiache, hata kama ni ndugu. Kichupa kikifunguliwa, kwa kawaida mwisho wake ni wiki nne hata kikibaki nusu, labda karatasi yake iseme vinginevyo.

Aliyekwisha kununua kwa huyu jamaa asiendelee, hata kama haoni shida. Amwambie daktari wake leo ampe dawa nyingine, kwa sababu kukaa bila matone baada ya operesheni nako ni hatari. Jicho likizidi kuuma, likiwa jekundu, likitoa usaha au uoni ukififia, usingoje siku ya kliniki. Nenda hata usiku. Vichupa vyenyewe usivitupe, vipeleke NDA pamoja na boksi lake.

Na mliomaliza dozi: kabla ya kutupa kichupa, mwageni dawa iliyobaki, ng'oeni ncha na mchane karatasi ya jina. Kuna wanaopita wodini wakiomba "vichupa vitupu vya watoto kuchezea". Wanyimeni.