PinePhone kwa anayependa kuchokonoa: niinunue au niache?

Nimekuwa nikijiuliza kwa muda mrefu kama ninunue PinePhone, simu ya kampuni ya PINE64 ambayo haiendeshwi na Android bali na Linux kamili, ile ile tunayoiweka kwenye seva na kompyuta zetu. Mwenzangu kazini anayo ya toleo kubwa, akakubali kuniazima kwa wiki tatu hapa Dar es Salaam ili niweke laini yangu, niifungue, niifute na kuijaza upya kabla sijatoa hela yangu. Ninayoandika hapa yametokana na wiki hizo tatu, na namwandikia mtu anayetaka simu ya kujifunzia. Anayetafuta simu ya kazi na ya familia nampa jibu mapema: asiinunue.

Vipimo vyake havimvutii mtu. Ilipoanza kuwafikia wanunuzi, Januari 2020, prosesa yake ya Allwinner A64 yenye viini vinne vya Cortex-A53 ilikuwa tayari imepitwa na wakati. Kioo ni cha inchi 5.95, betri ni ya mAh 3000, kamera ya nyuma ina megapikseli 5 na ya mbele 2. Toleo la memori ya GB 2 na hifadhi ya GB 16 lilitoka kwa dola 149, na lile la GB 3 na hifadhi ya GB 32 kwa dola 199, bila kuhesabu usafirishaji wala kodi. Kwa hela hiyo utapata Kariakoo simu ya Android inayoizidi kwa kasi, kwa picha na kwa kukaa na chaji. Ubora wa PinePhone uko chini ya mfuniko wake wa nyuma, na ndiko nilikotumia muda wangu mwingi.

Mfuniko huo unafunguka kwa ukucha, bila moto wala gundi. Ndani yake betri inatoka kwa mkono, na juu yake kuna safu ya swichi sita ndogo kiasi kwamba nilizisogeza kwa ncha ya pini. Moja inakata umeme wa modemu, yaani kifaa kinachoshika mtandao wa simu, nyingine Wi-Fi na Bluetooth, nyingine maikrofoni, mbili ni za kamera ya nyuma na ya mbele, na ya sita inageuza tundu la hedifoni liwe njia ya kuungana na kompyuta na kusoma kila ujumbe ambao kerneli, yaani kiini cha mfumo, inautoa tangu simu inapowaka. Nilimpigia dada yangu, na katikati ya maongezi nikaisogeza swichi ya maikrofoni. Nilimsikia akisema, "Haloo? Haloo, mbona husikiki?" huku simu ikionyesha kwamba maongezi yanaendelea kama kawaida. Nilipoirudisha akanisikia tena. Kwenye simu nyingine zote nilizowahi kumiliki, kuzima maikrofoni ni ahadi ya programu ambayo sina namna ya kuihakiki. Hapa nilihakiki kwa kidole changu mwenyewe, na kwangu hilo ni jambo zito.

Jambo la pili, ambalo kwa mchokonoaji naliona ni kubwa kuliko yote, ni kwamba simu hii ikiwashwa hutazama kwanza memori kadi kabla ya kutazama hifadhi yake ya ndani. Yeyote aliyewahi kuflashi simu, yaani kuiandikia mfumo upya, anaijua hofu ya kuona kioo cheusi baada ya faili lisilo sahihi, na safari ya kwenda kwa fundi inayofuata. Kwa PinePhone niliandika mfumo wa Linux wa postmarketOS kwenye kadi moja na ule wa Mobian kwenye nyingine, nikawa nabadilisha mifumo kama mtu anayebadilisha kaseti. Usiku mmoja niliifuta hifadhi ya ndani yote kwa makusudi. Kisha nikaweka kadi yenye JumpDrive, programu ndogo inayoifanya simu ionekane kwenye kompyuta kama flashi ya kawaida, nikaandika mfumo mpya moja kwa moja ndani yake, na simu ikawaka. Uhuru wa kukosea namna hiyo ndio unaomfanya mtu ajifunze, kwa sababu anajaribu mambo ambayo kwenye simu yake ya kila siku asingethubutu.

Upande wa mtandao nilikuwa na wasiwasi zaidi. Modemu yake, Quectel EG25-G, inapokea 4G katika masafa ya 700, 800 na 1800 yanayotumika kwetu, na laini yangu ilishika mara ya kwanza. Nafasi ya laini ni ya ukubwa wa kati, si ule mdogo wa siku hizi, kwa hiyo laini ndogo lazima ivalishwe fremu yake ya plastiki. Mimi niliichomeka bila fremu, na nilipoivuta nikahisi inakwama kwenye vijipini vya ndani. Niliitoa taratibu sana na hakuna kilichopinda, lakini kosa lile lingeweza kuiharibu simu ya watu, na ndiyo maana nalitaja. Modemu hii yenyewe ni kompyuta ndogo inayoendesha Linux yake peke yake, na wapenzi wa simu hii wameitengenezea programu yao huria mbadala ya ile ya kiwandani. Katika simu za kawaida sehemu hiyo ni sanduku lililofungwa kabisa.

Swali ambalo kila Mtanzania ataliuliza ni la M-Pesa. Programu ya Linux inayosimamia modemu inaelewa misimbo ya nyota na reli, hivyo niliandika amri moja yenye *150*00# kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, na menyu ikaja kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, kwenye kioo cheusi. Nilituma hela kwa kujibu namba moja baada ya nyingine. Kilichokosekana ni ile menyu inayokaa ndani ya laini yenyewe. Mifumo niliyoijaribu haikuwa na sehemu ya kuionyesha. Anayeitegemea menyu hiyo kwa huduma yoyote ajue hilo kabla ya kununua.

Kasoro nyingine zinajulikana na sitazificha. Kivinjari kinafunguka polepole, na ukiwa na kurasa tatu memori inaanza kulemewa. Picha zinatoka zenye ukungu. WhatsApp haina toleo lake la Linux ya simu. Iliyopo ni ya kivinjari, nayo inadai uwe tayari na akaunti kwenye simu nyingine. Programu za Android zinaweza kuendeshwa kupitia Waydroid, ila kwa memori ya GB 3 ni mzigo mkubwa, na programu nyingi za benki hukagua kama mfumo umethibitishwa na Google, zikikuta haujathibitishwa zinakataa kufunguka. Ili betri ifike jioni simu lazima ilale, na ikilala huchukua sekunde kadhaa kuamka pale mtu anapokupigia. Nani angeikabidhi simu ya namna hiyo jukumu la kupokea habari za mgonjwa hospitalini?

Nilizitazama pia njia nyingine. Librem 5 ya Purism imetengenezwa kwa moyo huo huo na ina betri kubwa zaidi, lakini bei yake iko mbali mno na kipato cha mtu anayetaka kujaribu tu. PinePhone Pro, iliyotangazwa Oktoba 2021 kwa dola 399 ikiwa na memori ya GB 4, ingekuwa chaguo zuri, ila mwaka 2025 PINE64 ilitangaza kuacha kuitengeneza. Mshindani wa kweli ni OnePlus 6 ya mwaka 2018 iliyokwishatumika, ambayo postmarketOS inaiendesha vizuri na kwa kasi ambayo PinePhone haitaifikia. Kwa anayetaka kuitumia Linux kwenye simu, ningemshauri achukue hiyo. Kwa anayetaka kuifungua na kuielewa, OnePlus 6 haina nafasi ya memori kadi, betri yake imegandishwa kwa gundi, na ukiharibu hatua ya kuwasha huna kadi ya kukuokoa.

Kwa atakayeamua kuagiza, amuulize muuzaji kwanza kama anasafirisha vifaa vyenye betri za lithiamu hadi nchini kwake, na ajumlishe nauli na kodi kabla ya kusema simu ni ya bei nafuu. Kuhusu betri yenyewe sina hofu, kwa kuwa umbo lake linalingana na la Samsung J7, na hiyo haimpi taabu fundi yeyote wa Kariakoo.

Mimi nimeamua kuinunua, toleo la GB 3, na simu yangu ya Android itabaki mfukoni kwa ajili ya kazi na ndugu. Nimeshamrudishia mwenzangu simu yake pamoja na ile fremu ya plastiki. Yangu ikifika nitaanza na programu fupi ya kuipa menyu ya nyota na reli vitufe vya kubonyeza, ili mama naye aweze kuijaribu bila kuandika amri.