Roboti ya miguu minne yenye kamera: miezi mitatu nayo hapa Mtwara

Niliagiza seti hii kwa muuzaji wa Dar es Salaam, ikaja kwa basi ndani ya boksi la viatu. Nililipa shilingi 240,000 pamoja na usafiri. Mlikuwa na fremu ya plastiki, sevo 12 za MG90S (mota ndogo za kukunja viungo vya miguu), ubao wa PCA9685 wa kuziendesha, ESP32-CAM (kompyuta ndogo yenye kamera na waifai), kishikio cha betri mbili za lithiamu za 18650 na kipunguza volti. Betri zenyewe hazimo, unajinunulia.

Niseme mapema kwamba naipenda roboti hii na ningeinunua tena. Ila umeme wake, jinsi ulivyopangwa kwenye seti, haufai, na asiyejua hilo atadhani kauziwa kitu kibovu.

Kila mguu una sevo tatu. Sevo ikitulia haili umeme wa maana, lakini ikielemewa inaweza kuvuta hadi ampea 0.7 hivi, sasa zidisha mara 12. Kipunguza volti walichoweka ni cha LM2596, ambacho kikomo chake ni ampea 3. Basi roboti ilikuwa inasimama vizuri, inanyanyua mguu wa kwanza, wa pili, halafu puu! Inalala kifudifudi na picha kwenye simu inakatika. Nilihangaika na programu wiki nzima nikidhani kosa liko huko. Kumbe volti zilikuwa zinashuka, ESP32 inazimika na kuwaka upya. Nikanunua kipunguza volti cha ampea 10 kwa ajili ya sevo peke yake, kile cha zamani nikaiachia kamera pamoja na kapasita ya maikrofaradi 1000 ya kutuliza volti zisiyumbe, na nyaya hasi za pande zote nikaziunganisha. Tangu siku hiyo haijaanguka tena kwa sababu ya umeme.

Karatasi ya maelekezo pia imeficha jambo kubwa: kabla ya kufunga mikono ya sevo (vile vijiti zinavyovizungusha), ziwashe na uzipeleke zote kwenye nyuzi 90, yaani katikati ya mzunguko wao. Mimi nilifunga kwanza. Ikabidi nifungue zote 12, na moja ilikuwa imeshaungua. Muuzaji alinitumia nyingine, ingawa ilichukua wiki mbili na simu nyingi.

Kuiendesha ni rahisi. Inatoa waifai yake yenyewe. Unaunganisha simu, unafungua 192.168.4.1 kwenye kivinjari, unaona picha na vitufe vya kuongozea. Haili bando hata kidogo, na hilo kwangu ni kubwa. Zima data kwanza, maana simu ikiona waifai hiyo haina intaneti huwa inaihama. Kamera ni OV2640 ya megapikseli 2, lakini ukidai picha kubwa inakwamakwama. Mimi nimebaki na 640 kwa 480. Ukuta mmoja wa tofali inauvumilia, wa pili picha inaganda.

Hunyanyua mguu mmoja mmoja huku mitatu ikibeba uzito, kwa hiyo usitegemee mbio. Kwenye vigae iliteleza mpaka nilipoivika nyayo za tyubu ya baiskeli. Kwenye mchanga wa ufukwe wa Shangani ilijichimbia, nikaacha kuipeleka. Hewa ya chumvi nayo si rafiki: pini zilianza kushika kutu, na sasa naihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko.

Siku niliyoifurahia kuliko zote ilikuwa ghalani kwa mjomba. Magunia ya korosho yanapangwa juu ya chaga, na chini yake huwezi kuona kitu bila kushusha mzigo. Roboti ikijiinamisha inapita. Tukaiwasha taa, tukaiingiza, mjomba akiwa ameshika simu yangu kwa mikono miwili.

"Hebu isimamishe hapo hapo, mjomba," akaniambia. "Rudi kidogo. Unaiona ile?"

Kona ya nyuma kulikuwa na njia ya udongo ya mchwa, imepanda ukutani, imebakiza kama upana wa kiganja kuifikia chaga. Magunia ya upande ule yalishushwa jioni ileile. Kwenda na kurudi kulichukua dakika 20, na betri zilikuwa bado na nguvu ya kuitembeza hadi uani.