Mafunzo kwa vitendo ya utalii endelevu: visiwa vya Dar es Salaam au Serengeti?

Kila mwaka wanafunzi wa utalii wa vyuo vikuu jijini hujiuliza wakafanyie wapi mafunzo kwa vitendo: kwenye visiwa vyetu vilivyohifadhiwa, kama Bongoyo na Mbudya, au Serengeti, kwenye jina kubwa.

Kwa gharama, visiwa vinashinda bila ubishi, kwani anayeishi Sinza hupanda daladala hadi Kunduchi, akavuka kwa boti na kurudi kulala kwao, ilhali wa Serengeti hubeba nauli, chakula na kodi ya chumba.

Kwa upana wa kazi, Serengeti, iliyo Urithi wa Dunia tangu 1981, ina kambi, madereva na waongoza watalii wazoefu, na anayetaka kuongoza watalii asiikose. Lakini uendelevu wenyewe, kwa maoni yangu, huonekana waziwazi zaidi kisiwani: maji yakitoka, mwanafunzi huona tumbawe lililovunjwa na nanga na chupa za plastiki zilizonasa kwenye mizizi ya mivinje, kisha jioni humsikiliza mvuvi akieleza namna mipaka ya hifadhi inavyogusa chungu cha nyumbani kwake.

Kuhusu usimamizi, mhadhiri humfikia wa Mbudya kwa urahisi. Wa Serengeti hutegemea msimamizi wa kazini, ambaye wageni wakijaa, Juni hadi Oktoba, huwa na muda mchache.

Anayelenga kambi za kaskazini na mwenye ndugu wa kumpokea Mugumu, mji ulio karibu na hifadhi, aende; anayelenga pwani, au ambaye mkopo haumtoshi, aanzie Kunduchi.