Kubandua stika na mistari kabla ya kupiga rangi gari: ununue nini kwanza?

Hiace na Probox nyingi zinazotoka Japani hushuka bandarini Dar es Salaam na Mombasa zikiwa bado na maandishi ya kampuni zilikotoka. Mwenye haraka humwambia fundi apige rangi juu kwa juu. Usikubali. Ukingo wa stika utajichora chini ya rangi mpya, na thina ya rangi ikiingia kwenye gundi, rangi hukunjamana.

Kabla ya kutoa pesa, pitisha ukucha pembeni mwa mstari. Ukinasa, hiyo ni stika iliyobandikwa juu. Usiponasa kabisa, huenda mstari umepigwa kwa rangi au umefunikwa na klia (rangi angavu ya juu kabisa), na hapo vifaa vya kubandulia havitakusaidia: nunua msasa.

Kwa stika ambayo bado ni laini, chaguo langu la kwanza ni mashine ya kupuliza hewa ya moto pamoja na kikwanguo cha plastiki. Drayer ya nywele pia inafaa, ila ni ya polepole. Pasha kona moja, inua, kisha vuta taratibu huku stika ikijikunja juu ya mgongo wake. Bati likishindikana kushikwa kwa mkono, umezidisha. Kwenye bampa la plastiki punguza moto zaidi, maana bampa hupinda.

Stika iliyopigwa jua miaka mingi haivutiki. Hukatika vipande kama ganda la yai, na utakesha ukibandua. Hapa gurudumu la mpira linaloshikwa na drili ndilo namba moja, na kwa gari lenye mistari ubavu mzima ningelinunua bila kusita. Mpira husaga stika na gundi yake kwa pamoja. Soma mwendo wa juu ulioandikwa kwenye gurudumu: mengi hayatakiwi kuzidi mizunguko 4,000 kwa dakika. Grenda huzunguka zaidi ya mara mbili ya hapo, kwa hiyo usilifunge huko kamwe; linaweza kupasuka usoni mwako. Vaa miwani na barakoa, na usilitulize mahali pamoja, litaunguza rangi hadi kwenye bati.

Baada ya hivyo viwili inakuja dawa ya kuondoa gundi, kwa mabaki tu. Mafuta ya taa hufanya kazi hiyo kwa bei ndogo, ingawa huacha utelezi unaohitaji kusafishwa sana.

Thina naiweka mwisho, kwa sababu hulainisha rangi ya chini ambayo pengine ulitaka kuibakiza. Wembe huchimba mikwaruzo. Petroli siiweki kwenye orodha kabisa: mvuke wake karibu na mashine ya moto au cheche za drili ni ajali ya moto inayosubiri.

Bakiza pesa ya dawa ya kutoa grisi na vitambaa safi viwili. Osha gari kwa sabuni, futa kwa kitambaa chenye dawa, na fuatisha kile kikavu kabla dawa haijakauka. Fanya hivyo kabla ya msasa, si baada tu. Msasa husukumia grisi ndani ya mikwaruzo, na rangi mpya ikifika hapo hujitenga na kuacha vishimo vya duara. Kisha lainisha ukingo uliobaki kwa msasa namba 320, umalizie na 400, mpaka kiganja kisihisi mahali mstari ulipokuwa.