Mwaka mmoja na Slurm: natuma kazi klasta nikiwa Uyole

Kompyuta inayonifanyia hesabu za mvua sijawahi kuiona kwa macho. Mimi niko Uyole, Mbeya. Yenyewe iko mbali, kwenye klasta, yaani kompyuta nyingi zilizounganishwa, tunayoitumia watafiti wengi, na anayepanga foleni ni Slurm. Programu hii ni ya bure. Ilianzia maabara ya Lawrence Livermore, California, toleo la kwanza likatoka 2002, na leo inapanga foleni hata kwenye Frontier, kompyuta jitu ya maabara ya Oak Ridge huko Marekani. Nimekaa nayo mwaka mzima. Naipenda, ila si msemaji.

Iliniteka kwa sababu ya umeme. Ukiandika amri ya sbatch na jina la skripti (faili la maagizo ya kazi), inakurudishia namba ya kazi, basi, umemaliza. Umeme ukatike, bando liishe, ufunge laptopu upande daladala kwenda Mwanjelwa: kazi inaendelea hukohuko iliko. Zamani modeli ya mvua niliiendesha kwenye laptopu yangu, na masika moja radi za huku zilinilaza na viatu mara nne, kila mara naanza upya.

Kosa langu la kwanza lilikuwa lumbesa. Kwa kuogopa kukatishwa njiani, niliomba siku 7 na kumbukumbu (RAM) ya GB 120. Nikaandika squeue --me, amri ya kutazama kazi zangu kwenye foleni, jibu: PD (pending, bado haijaanza), na pembeni neno moja, Priority. Yaani subiri. Kesho yake PD. Keshokutwa PD. Huku waliotuma baada yangu wanaanza na kumaliza! Nikajua tu kuna watoto wa mjomba.

Hakuna mjomba. Nenda kaangalie Fuso la viazi likipakiwa. Gunia kubwa lina nafasi yake na halinyang'anywi, lakini mwenye kiroba akitokea na upenyo upo, anachomeka, mradi safari haicheleweshwi. Slurm nayo, mahali inapopangwa hivyo, huichomeka kazi ndogo kwenye mwanya ikiwa muda iliyoomba unaonyesha itaisha kabla ya zamu ya kubwa. Kwa hiyo mstari wa --time, unaotaja muda unaoomba, ndio wa kuutolea jasho kuliko yote kwenye skripti. Ukiuzidisha unasota. Ukiupunja, muda ukifika kazi inauawa hata kama ilibakiza dakika mbili, na inaandikwa TIMEOUT.

Dawa niliyoipata ni kutuma msimu mmoja wa majaribio, kisha kuandika seff, amri inayoonyesha kazi iliyoisha ilitumia nini, na namba ya kazi. Ikaniambia: saa 5 na ushee, kumbukumbu GB 9. Tisa, na mimi nilikuwa nimekumbatia 120! Nikaomba saa 8 na GB 12, ikaanza jioni ileile. Klasta isiyo na seff, tumia sacct na utazame safu ya MaxRSS, yaani kilele cha kumbukumbu iliyotumika. Ila usibane kupita kiasi. Nilipojaribu GB 8, nilikuta OUT_OF_MEMORY, yaani kumbukumbu haikutosha, na hapo wa kulaumiwa alikuwa ubahili wangu.

Mvua zetu huku ni msimu mmoja, Novemba hadi Aprili au Mei, na mimi nilikuwa na misimu 30, kuanzia ule wa 1991. Nikaona raha: andika --array=1991-2020, inayotuma kundi la kazi zenye namba kwa amri moja, kila msimu uwe kazi yake. Ikakataa. Ukomo wa kawaida wa MaxArraySize, mpangilio wa ukubwa wa kundi, ni 1001, kwa hiyo namba ya juu kabisa ni 1000, na ujumbe wa kosa haukutajii hilo. Unasema tu maelezo si sahihi. Nilipoteza asubuhi nzima. Sasa naandika --array=0-29%5, ndani ya skripti najumlisha 1991. Hiyo %5 inaachia kazi tano tu kwa wakati mmoja, ili wenzangu nao wapumue.

Kufuatilia ndiko nilikotiwa adabu. Niliiacha squeue ijirudie kila sekunde moja, usiku kucha. Asubuhi msimamizi akaniandikia kwa upole wa kutisha, "Ndugu mtumiaji," akinieleza kwamba kila swali langu linamsumbua mpangaji yuleyule anayewahudumia wote. Nikaweka --mail-type=END,FAIL, barua inanifuata kwenye simu. Kazi za array huletewa barua moja kwa kundi zima, isipokuwa ukiongeza ARRAY_TASKS. Mimi sikuongeza, sitaki simu ilie mara thelathini.

Jambo jingine dogo ni saa. squeue --start hukadiria kazi itaanza lini, lakini klasta yetu inafuata saa za UTC, saa za dunia zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu. Iliponiandikia 03:00, niliamka saa tisa usiku, baridi ya Julai unaijua mwenyewe, kumbe ilimaanisha saa kumi na mbili asubuhi.

Wiki iliyopita kundi zima liliisha, barua ikanikuta nikinywa chai. Kazi 29 COMPLETED, moja FAILED: namba 6, yaani msimu wa 1997, ule wa elinino. Mvua haina kosa. Faili la kuingizia lilikuwa pungufu, nililipakua bando likiwa linaishia. Nimelipakua upya na kutuma --array=6 peke yake. Hadi naandika hapa, ni PD.